Bi Kimya na Daftari la Mikono

Watahiniwa hawakulijua jina lake. Walimwita Bi Kimya, kwa kuwa katika saa mbili na nusu za mtihani hilo ndilo neno pekee lililomtoka kinywani. Hakulisema kwa ukali. Alilisema mara moja, mlango ukishafungwa, kama mtu anayefunika sufuria chakula kisipoe. Baada ya hapo ilisikika feni tu.

Aliingia katika ofisi ile ya leseni za marubani akiwa na ndoo na fagio. Masomo yake yaliishia darasa la saba. Miaka minne alipiga deki korido na ngazi. Siku moja msimamizi wa chumba cha mtihani alishikwa na tumbo, watahiniwa wameshakaa, karatasi zimeshagawiwa. Karani mkuu akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona yeye.

"Mama, saa unajua kuisoma?"

"Najua."

"Basi weka ndoo chini uingie."

Aliiweka. Hakuishika tena. Alisimamia chumba kile miaka ishirini na miwili.

Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza. Madawati thelathini, saa ya ukutani, feni mbili. Moja ilizunguka, nyingine ilikuwa pambo. Kiti chake kilikuwa nyuma karibu na mlango. Mumewe, ambaye alikuwa seremala, alishakuja mara tatu kukitia mguu. Masharti ya kazi yalibandikwa mlangoni kwa ndani: msimamizi hasomi maswali, haongei na mtahiniwa, haandiki chochote isipokuwa fomu ya mahudhurio.

Mwaka wa kwanza aliona visogo tu.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, alikuwa akipita katikati ya madawati kwa viatu vyake vya raba visivyo na sauti. Akafika kwa bwana mmoja wa makamo, mnene, shati limembana. Yule bwana alikuwa amefumba macho. Bi Kimya alidhani amesinzia. Akasimama. Mkono wa kulia wa yule bwana ulikuwa juu ya dawati, vidole vimejikunja kama vimeshika mpini. Mkono ule ukasukuma mbele. Polepole, lakini bila kusitasita. Kisha uso ukainuka, macho yakafumbuka, yakatazama mbali. Bi Kimya naye akatazama huko huko. Palikuwa na ukuta.

Yule bwana akaweka alama kwenye karatasi, akaendelea na swali lingine.

Kwenye ukingo wa karatasi, kila swali lilikuwa na namba yake ndogo, ya kudumu, inayolifuata swali hilo katika kila mtihani litakapotokea. Ile ilikuwa 417. Bi Kimya hakusoma swali. Namba ilimwingia tu machoni.

Miezi minane baadaye alikuja msichana mwembamba, wa chuo kingine, mji mwingine. Akafika kwenye swali moja, akafumba macho. Mkono ukajikunja. Ukasukuma mbele. Bi Kimya alinyoosha shingo akaona namba. 417.

Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, wamefanya jambo moja, kwa mwendo mmoja, kama waliolelewa na mama mmoja. Na hapana hata mmoja wao aliyejua kwamba amefanya.

Jioni alimweleza mumewe, huyo akiwa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba, akiranda ubao wa mlango.

"Walikuwa wanaota," mumewe alisema.

"Wako macho, wanafanya mtihani."

"Basi wana wazimu."

"Wewe hujijui. Unaranda usingizini. Shuka zetu zingekuwa mbao, saa hizi zingeng'aa."

Mumewe aliacha randa. Alitazama mikono yake miwili, akaigeuza, kama mtu aliyeambiwa kwamba mifukoni mwake mna kitu.

"Kweli?"

"Kila siku. Na ukifika kwenye fundo la mbao unasimama."

Wiki iliyofuata alinunua daftari dogo la kurasa arobaini, lile la watoto. Akalitia mfukoni mwa gauni. Hakuandika maneno. Aliandika namba ya swali, na pembeni yake mchoro mdogo. Mkono ulioviringwa ulikuwa mtahiniwa aliyesogeza mkono au mguu. Mstari uliolala juu ulikuwa aliyetazama dari. Midomo ilikuwa aliyetingisha midomo kama anayesoma kitu cha kukariri. Alijua anavunja sharti. Kila alipochomoa penseli, alitazama mlango kwanza.

Lakini alichokuwa akikiona kilikuwa kikubwa kuliko woga wake. Asubuhi nyingine, chumba kizima kimya, watu thelathini wameinama, ghafla mguu mmoja wa kulia unakandamiza sakafu, huku mkono ukilala kushoto. Dakika tatu baadaye, safu ya nyuma, mguu mwingine wa kulia, mkono mwingine kushoto. Namba 88. Kisha mkono unaoshuka pembeni ya paja na kugeuza kitu mfano wa bomba la maji. Namba 530. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, ghorofa ya kwanza, na watu walikuwa wanaruka angani mbele yake bila kuinuka kwenye madawati. Wakati mwingine alishika ukingo wa kiti.

Daftari la kwanza likajaa, na la pili. Aliyaweka kibandani kwa mumewe, chini ya misumari.

"Siri yako iko mahali pazuri," mumewe alimwambia. "Hata nikipigwa, nitasema nini? Herufi zenyewe sizijui."

"Hamna herufi humo. Namba na mikono."

"Ah. Namba nazijua. Basi wasinipige sana."

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Karani mkuu alizeeka katika cheo hicho hicho, na maswali yakazeeka kabatini. Watahiniwa walishayazoea. Kila kundi lililotoka lilisimama chini ya ngazi, huyu akikumbuka maswali matatu, yule manne, wakayaandika, wakayauza kwa wanaofuata. Kulikuwa na kijitabu kizima mitaani. Watu walikariri swali kwa umbo lake: lenye jedwali refu, jibu la pili; lenye mwaka wa mkataba wa usafiri wa anga, jibu la mwisho.

Alikuja kijana mmoja wa koti la bluu. Alimaliza kwa dakika ishirini na tano. Mikono yake haikusogea hata mara moja. Kazi yote ilifanywa na midomo. Akapata tisini na nane kwa mia, wakampiga picha. Mwezi mmoja baadaye mwalimu wake wa urubani alipanda ngazi kuja ofisini, akasimama kaunta, hajui acheke au alie.

"Tisini na nane," alisema. "Na jana, tukiwa juu, nimemuuliza mafuta yaliyobaki ni ya dakika ngapi. Kanijibu, naomba machaguo."

Ofisi ilivunjika mbavu. Bi Kimya hakucheka.

Kwa sababu kulikuwa na yule binti wa miwani. Alikuja mara ya kwanza, mikono yake ikasogea kwenye 417, ikasogea kwenye 88, ikasogea kwenye 530 na kwingine kwingi. Bi Kimya alikuwa hajapata kuona mikono inayosogea vile. Akafeli. Aliangushwa na maswali ya dari: mwaka wa mkataba, kimo cha herufi zinazopakwa rangi kwenye bawa, hesabu ya jedwali ambayo majibu yake manne yalipishana kwa mita tano tano. Akaja mara ya pili, akafeli. Mara ya tatu alipoteremka ngazi, alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi. Ilibaki nafasi moja. Akifeli ya nne, anaanza upya tangu mwanzo, na wachache walianza upya.

Ndipo akaja Kapteni. Alikuwa rubani mstaafu, mguu mmoja mzito, na alipewa kuongoza idara ya mitihani. Siku yake ya kwanza alifungua kabati, akatoa maswali yote, elfu moja mia moja na arobaini, akayatandaza kwenye meza ya mikutano. Akaita marubani watatu wazee wamsaidie kuyachambua. Walikaa wiki sita. Kila mmoja alitetea maswali aliyotunga mwenyewe kana kwamba ni watoto wake. Sauti zao zilifika hadi koridoni.

Asubuhi moja Bi Kimya alipeleka fomu za mahudhurio zitiwe sahihi, akamkuta Kapteni peke yake, ameshika tama.

"Mama, wewe umekaa na hawa watu miaka mingi kuliko sisi sote," alisema, bila hata kumwangalia. "Mimi natafuta kitu kimoja. Swali ambalo mtu akilijibu akiwa amekaa hapa chini, na siku likimtokea huko juu, atalijibu vile vile. Nitalijuaje?"

Alikuwa akisema na nafsi yake. Bi Kimya alichukua fomu zake akatoka. Koridoni alisimama mbele ya ubao wa matangazo.

Maana juma lile lile karani mkuu alikuwa amebandika tangazo. Kijitabu cha mitaani kimekamatwa. Uchunguzi unaendelea. Mfanyakazi yeyote atakayekutwa na maandishi yoyote yanayohusu mtihani ataondolewa kazini na kushitakiwa.

Jioni hiyo alikwenda kibandani, akayachomoa madaftari chini ya misumari. Yalikuwa tisa. Mumewe alikuwa akipaka gundi, akasimamisha brashi.

"Unayachoma?"

"Nayapeleka."

"Watasema wewe ndiye uliyeuza maswali."

"Watasema."

"Na kile chumba hutakiona tena."

Hilo ndilo lililomuuma. Mshahara ulikuwa mdogo, watoto walishajitegemea, wangeishi. Lakini kile chumba. Hakuwa na mahali pengine duniani ambapo aliona vitu vile. Alikaa juu ya gogo, madaftari mapajani.

"Yule binti wa miwani amebakiwa na nafasi moja," alisema.

Mumewe alifuta gundi vidoleni, akatafuta kamba nzuri, akayafunga madaftari pamoja, fundo la kuteleza ili yafunguke kwa urahisi.

Kesho yake asubuhi aliyaweka mbele ya Kapteni.

"Nini hiki?"

"Uliuliza utalijuaje."

Akamweleza. Maneno kama ishirini hivi. Kapteni alifungua daftari la kwanza kwa uso wa mtu anayemridhisha mgonjwa. Akaona 417, na mkono, na mkono, na mkono, mstari mzima. Akatafuta 417 kwenye rundo lake. Akasoma.

"Unajua swali hili linauliza nini?"

"Sijui. Sisomi maswali. Najua wanasukuma mbele."

"Ndege imepaa sasa hivi," Kapteni alisema. "Iko chini bado, mita tisini. Injini inazima. Unafanya nini kwanza? Kila kitu mwilini kinakuambia vuta, ipande. Ukivuta, umekufa. Unasukuma mbele, pua ishuke, ipate mwendo."

"Ndiyo," Bi Kimya alisema. "Kisha wanatazama mbali."

"Wanatafuta pa kutua."

Alitafuta 88. "Hawa?"

"Mguu wa kulia, mkono kushoto."

"Kutua, upepo unapiga toka kushoto." Sauti ilikuwa imeshuka. "530?"

Alimwonyesha, mkono chini ya paja, unageuza bomba.

"Tangi limekauka, unahamia tangi la pili." Kapteni alisimama, akauburuta mguu wake hadi mlangoni, akaufunga. Aliporudi, Bi Kimya aliona mkono wake mwenyewe, vidole vimejikunja, na hajijui. "Miaka ishirini," alisema. "Umeyaona haya yote peke yako miaka ishirini."

Walikwenda ukurasa kwa ukurasa. Walipofika 212, Kapteni alikohoa.

"Hili nililitunga mimi, enzi hizo."

"Dari," Bi Kimya alisema. "Watu kumi na mmoja."

"Wote?"

"Mmoja alisinzia."

Jambo lile halikuweza kufichwa, wala Kapteni hakutaka kulificha. Bi Kimya aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Karani mkuu ndiye aliyeuliza.

"Uliandika ndani ya chumba cha mtihani?"

"Niliandika."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua. Masharti yako mlangoni, nakaa nayo mgongoni kila siku."

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Hakuna aliyeniuliza. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kimya."

Mtu mmoja wa kamati akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

Karani mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria. Aliyabeba madaftari tisa nyumbani kwake, akayapitia namba kwa namba, mara mbili, akitafuta neno moja la swali au herufi moja ya jibu. Hakuliona. Akaandika kwa mkono wake kwamba mama huyu hakuuza kitu, na asifukuzwe. Akaandika pia kwamba sharti limevunjwa, tena kwa miaka ishirini, na kwa hiyo asiingie tena katika chumba cha mtihani, leo wala milele. Kapteni alibisha. Karani mkuu alimwambia, "Wewe ungemrudisha angani rubani aliyevunja sheria miaka ishirini kwa sababu alikuwa na bahati?"

Wakamhamishia kaunta ya chini, ya kupokea simu na mikoba ya watahiniwa.

Alikubali. Siku ya kwanza alirudi nyumbani mapema, akakaa kibandani, akamtazama mumewe akipiga msasa hadi giza lilipoingia. Mumewe alimpa kipande cha mbao na msasa, naye akapiga.

Juu kule kazi iliendelea. Katika elfu moja mia moja na arobaini, maswali mia moja arobaini na matatu yalikuwa na mikono. Hayo yaliachwa. Ya dari na ya midomo yaliyokuwa na maana ndani yake yaliandikwa upya, yasiyokuwa nayo yakatupwa, pamoja na 212. Lile jedwali la mita tano tano lilipumzishwa, mahali pake pakaja swali lenye mambo ya kweli: uwanja wa nyasi, una mita mia tano na hamsini. Jedwali linasema ndege yako inahitaji mita mia nne na tisini. Lakini nyasi zimefika magotini na zimelowa, mchana ni wa joto, na mmekaa watu wanne. Utafanya nini?

Siku ya mtihani mpya watahiniwa thelathini waliacha simu kaunta. Binti wa miwani alikuwa wa kumi na tisa. Alitoa simu, akatoa mkoba, akamtazama Bi Kimya.

"Mama, leo hukai nasi?"

"Leo nakaa hapa."

"Nani atasema kimya?"

"Mtakaa kimya wenyewe. Panda, saa imefika."

Alipanda. Bi Kimya alibaki na simu thelathini. Jengo zima lilitulia. Alikaa akitazama dari ya chini, ambayo juu yake ndipo ilipokuwa sakafu ya kile chumba. Hakuona kitu. Lakini baada ya kama saa moja alisikia, kwa mbali, kitu kikigonga sakafu kule juu, mara moja. Kisha upande mwingine, mara moja. Kisha mahali pengine, na pengine. Miguu. Alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka, naye hakuwa mtu wa machozi.

Hakuna aliyetoka mapema. Walishuka wote pamoja, saa mbili na nusu zikiwa zimekwisha, na hakuna aliyekumbuka simu yake. Walisimama mbele ya kaunta wakibishana, mikono hewani.

"Mimi nimepaa. Mita sitini za ziada zinatosha."

"Zinatosha kuzikiwa. Nyasi zimelowa wewe."

"Mimi nimeshusha abiria mmoja," alisema binti wa miwani.

"Umemshusha nani?"

"Mzito kuliko wote."

"Na angekuwa mama mkwe wako?"

"Angeshuka wa kwanza, na mizigo yake."

Waliangua kicheko. Kijana mmoja, machozi ya kicheko machoni, aligeuka akaegemea kaunta.

"Na wewe mama? Ungefanyaje?"

Katika miaka yote ile hapana mtahiniwa aliyewahi kumuuliza Bi Kimya swali. Alishika ukingo wa kaunta. Wakanyamaza, thelathini wote, wakimtazama yeye.

"Hizo nyasi zimelowa kwa umande au kwa mvua?" aliuliza.

Walitazamana. Swali halikusema.

"Mimi ningengoja," alisema. "Jua likaushe, jioni joto lishuke. Haraka ya nini?"

"Hilo halikuwemo kwenye majibu," binti wa miwani alisema.

Kwenye ngazi, Kapteni alikuwa amesimama na rundo la karatasi kifuani. Alikuwa amesikia. Alitazama karatasi zile, akageuka, akapanda tena, mguu wake ukigonga kila kipandio.

Binti wa miwani alifaulu, siku hizi anabeba dawa na madaktari kwa ndege ndogo. Bi Kimya alikaa kaunta miaka minne, akastaafu. Mwaka jana alifariki, baada ya ugonjwa wa wiki mbili. Waliokuja mazikoni walikuwa wengi kuliko viti. Baadhi yao walikuwa marubani, na hawakujua jina lake hadi waliposikia likisomwa.

Swali la nyasi bado lipo. Lilikuwa na majibu matatu, sasa lina manne, na la nne ni kungoja. Kama ndilo sahihi au silo, haliwezi kuandikwa hapa. Mtihani bado unafanywa.